Nyumba ya Pili Unguja: Mambo ya Kujua Kabla Hujalipa Ukiwa Nairobi

Hapa Nairobi, mtu akishamaliza kulipa mkopo wa nyumba anayoishi, au akikaribia kustaafu, haikawii kabla hajaanza kuzungumzia nyumba ya pili nje ya nchi. Kila baada ya muda mfupi huwa kuna maonyesho ya nyumba katika hoteli au kumbi za Westlands, na utawakuta vijana nadhifu wamesimama kando ya vielelezo vya majengo ya Dubai, Uturuki na Zanzibar, wakieleza jinsi pesa zitakavyojirudisha zenyewe. Mimi na mume wangu tulipita njia hiyo hadi tukanunua fleti ya chumba kimoja upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Kwa kuwa jamaa na wafanyakazi wenzangu wameniuliza mengi kuhusu safari hiyo, nimeona heri niyaandike yale niliyojifunza, na hasa lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: ukishavuka mpaka, hata kama unakwenda kwa watu mnaosalimiana na kutaniana kwa Kiswahili, mbele ya sheria wewe ni mgeni, na haki yako yote imo ndani ya karatasi ulizotia sahihi.

Tulianza kwa kuitazama Dubai, kama wengi wanavyofanya. Sheria ya mwaka 2006 ya huko inamruhusu mgeni kumiliki nyumba moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa, na sheria ya mwaka 2007 inamlazimu mjenzi anayeuza nyumba ambazo bado ziko kwenye ramani aweke pesa za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi, asizichukue apendavyo. Ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 4 ya bei, na dirhamu imefungwa kwa dola, kwa hivyo anayelipa kwa dirhamu analipa kwa dola. Huo ni mfumo ulio wazi na ninauheshimu. Hata hivyo bei zilikuwa juu ya uwezo wetu, na hatukuona jinsi ambavyo sisi wenyewe au watoto wangekaa katika nyumba hiyo. Zanzibar ilikuwa na mvuto mwingine. Mama yangu ni mtu wa Mombasa, tuna jamaa waliooa na kuolewa Unguja, na kutoka Nairobi ndege hutua Uwanja wa Abeid Amani Karume kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Ukaribu huo ndio unaowafanya Wakenya wengi waamini kwamba wana haki ambazo hawana. Nimesikia mara nyingi mtu akisema kuwa sisi sote ni Afrika Mashariki na kwamba soko letu ni moja. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini ibara yake ya 15 inasema wazi kuwa upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Nasi Wakenya hatuna sababu ya kulalamika, maana Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya mkataba wa miaka 99. Huko Zanzibar ardhi yote ya asili ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, na haki ya kudumu ya kuitumia ni ya Mzanzibari. Mgeni huingia kwa milango miwili tu inayoeleweka: kukodishwa ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, au kununua fleti ndani ya mradi uliokubaliwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar, ZIPA, chini ya sheria ya mwaka 2010 inayohusu majengo yenye wamiliki wengi.

Nje ya milango hiyo kuna vichochoro vingi, na mgeni huonyeshwa vichochoro kabla ya milango. Tulipoanza tu kuulizia, tulipigiwa simu na dalali aliyekuwa na kiwanja upande wa Jambiani, karibu na bahari, kwa bei ambayo huku kwetu isingekununulia hata robo ya kiwanja Kitengela, nje kidogo ya Nairobi. Muuzaji alikuwa na karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri kwa sheha. Sheha ni kiongozi wa mtaa au kijiji anayeheshimika, naye anawajua watu wake na mipaka yao, na hakuna mambo ya ardhi yanayokwenda vizuri bila yeye kushirikishwa. Lakini muhuri wake hauwezi kumpa mgeni haki ambayo sheria haimpi. Tena ardhi ya vijijini ina historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizigawia familia eka tatu tatu ili wazilime, na mashamba hayo hayakutolewa ili yauzwe. Zaidi ya hapo, kwa desturi za Zanzibar miti inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kwa hivyo unaweza kuonyeshwa shamba lenye minazi iliyosimama vizuri na kumbe minazi hiyo ni ya shangazi wa muuzaji, ambaye hajaulizwa neno.

Dalali alipoona tunasita, alipendekeza tuandikishe kiwanja kwa jina la mwenyeji, kisha tuwe na makubaliano yetu pembeni. Pendekezo hilo naomba kila Mkenya alikatae papo hapo, hata kama mwenyeji huyo ni mkwe au rafiki wa utotoni. Mwenye jina ndiye mwenye mali. Akifariki, warithi wake watagawana, na akigombana na mkewe au akidaiwa, kiwanja kitahesabiwa katika mali yake. Wewe utakuwa na karatasi ya pembeni ambayo ukiipeleka mahakamani itaonyesha kwamba ulikusudia kuikwepa sheria tangu mwanzo. Tulimshukuru dalali na tukaachana naye kwa heshima.

Baada ya hapo tulimtafuta wakili kabla ya kutafuta nyumba, na nadhani mpangilio huo ulituokolea pesa nyingi. Tulimpata wakili mzoefu wa masuala ya ardhi mwenye ofisi Vuga, mjini Unguja, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kampuni iliyokuwa ikiuza wala na dalali. Tulipompelekea mkataba wa fleti tuliyoipenda, hakuanza na bei wala na picha. Aliomba aonyeshwe mkataba mkubwa, yaani ule ambao kampuni yenyewe ilikodishiwa ardhi na serikali, na ulipopatikana baada ya kusumbuana kidogo na wauzaji, aliufungua kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole juu ya tarehe na kuniambia, “Dada yangu, miaka yako inaanzia hapa, haianzii leo.”

Kijitabu cha matangazo kilisema miaka 99. Miaka hiyo ilikuwa imeanza kuhesabiwa siku kampuni ilipokabidhiwa ardhi, na kadhaa ilikuwa imekwisha pita kabla jengo letu halijachimbiwa msingi. Kwa mtu wa umri wangu tofauti hiyo haionekani kuwa kubwa, lakini ina maana kwa mjukuu atakayetaka kuuza, kwa sababu kadiri miaka inavyopungua ndivyo thamani ya kinachouzwa inavyopungua. Wakili alitusomea pia kifungu kilichoruhusu kampuni kusogeza tarehe ya kukabidhi nyumba bila kulipa fidia, na kingine kilichosema kuwa mnunuzi akichelewesha awamu mbili za malipo, sehemu ya pesa zake itapotea. Vifungu hivyo viwili viliwekwa mbali katika mkataba, na hakuna aliyevitaja katika mazungumzo. Kwa msaada wake tulikubaliana na kampuni kwamba kila awamu ilipwe baada ya hatua fulani ya ujenzi kukamilika, yaani msingi, kila slabu, paa na kumalizia, na kwamba mhandisi athibitishe kwa maandishi kabla hatujatuma pesa. Zanzibar hatukuwa na kinga kama ile akaunti maalumu ya Dubai, kwa hivyo tuliitafuta ndani ya mkataba wenyewe.

Bei ilikuwa dola 60,000. Tulilipa asilimia 30 kama amana, yaani dola 18,000, na zilizosalia tukazigawa katika awamu saba za dola 6,000. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu Wakenya wengi hupata mshahara kwa shilingi na hutia sahihi kwa dola bila kuliwaza jambo hilo vya kutosha. Mwanzoni mwa 2023, tulipotia sahihi, dola moja ilikuwa karibu shilingi 123, kwa hivyo awamu moja ilikuwa takriban shilingi 738,000. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 160, na awamu ile ile ikawa shilingi 960,000 na zaidi. Nyumba haikuwa imebadilika hata tofali moja, ila kila awamu ilikuwa imepanda kwa zaidi ya shilingi laki mbili. Februari mwaka huo serikali ya Kenya ilipopata dola bilioni 1.5 za hati fungani mpya ili kulipa sehemu ya deni lililokuwa likiiva Juni, shilingi ilipata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imetulia karibu 129. Hakuna mtu wa kawaida ambaye angeweza kuyatabiri hayo, na aliyelazimika kununua dola Januari alilipa zaidi ya aliyenunua Juni kwa sababu ya tarehe tu.

Sisi tulinusurika kwa sababu mume wangu, aliyefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote, alisisitiza tangu mwanzo kwamba tusitie sahihi kabla ya kuwa na awamu za mwaka mzima katika akaunti ya dola. Tulichelewa karibu mwaka mmoja kwa ajili hiyo, na bei ya fleti ilipanda kiasi tukiwa tunasubiri, lakini kucheleweshwa huko kulitupa usingizi miezi ambayo majirani wetu wa baadaye walikuwa wakikimbia huku na huku kutafuta mikopo ya sacco. Mmoja wao, mwalimu wa hapa Nairobi, alilazimika kuuza gari ili asipoteze alichokwisha lipa. Nilimhurumia sana, maana alikuwa mtu makini, na hesabu zake za shilingi zilikuwa sahihi kabisa siku alipozipiga.

Kutuma pesa kwenyewe si kazi ngumu kisheria, kwa kuwa Kenya iliondoa sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995. Ila benki itakuuliza, na ina haki ya kukuuliza. Kiasi cha kuanzia dola 10,000 huhitaji maelezo na nyaraka, na kwa vile Tanzania ilikuwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kuhusu utakatishaji wa fedha tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya ikaingizwa humo Februari 2024, maofisa wa benki walikuwa waangalifu kwelikweli. Tuliombwa mkataba, ankara ya kampuni, namba ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na ushahidi wa pesa zilikotoka. Kuna aliyetushauri tuikate ile amana vipande vidogo ili tusiulizwe. Tulikataa. Rekodi ya pesa zilizopita benki kwa jina lako, zikaingia akaunti ya kampuni kwa jina lake, ndiyo itakayokutetea siku yoyote ikitokea kutoelewana, na siku utakapouza na kutaka kuzirudisha nyumbani utaulizwa ziliingiaje.

Sasa niseme juu ya mapato, kwa sababu hapo ndipo wauzaji husema mengi na wanunuzi huuliza machache. Karatasi tuliyopewa ilikadiria kwamba fleti ingepangishwa kwa wageni wa muda mfupi kwa dola 50 kwa usiku, asilimia 65 ya mwaka, na kuleta karibu dola 11,850. Hesabu hiyo iliishia hapo. Mume wangu aliichukua akaipiga upya mezani nyumbani. Msimu wa watalii Unguja huwa mzuri kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari, lakini masika ya Aprili na Mei huwa matupu hata hoteli nyingine hufunga. Aliweka asilimia 45 ya mwaka, yaani siku 164, kwa dola 45, akapata dola 7,380. Akaondoa asilimia 15 ya mtandao wa kuwekea nafasi, akaondoa robo ya kilichobaki kwa msimamizi anayepokea wageni na kufua mashuka, akaondoa ada ya huduma ya jengo ya dola 90 kwa mwezi, akaondoa umeme, maji na intaneti dola 100 kwa mwezi, na akaweka dola 600 za matengenezo kwa mwaka. Zilibaki kama dola 1,825 kabla ya kodi, ambazo ni asilimia 3 ya bei. Februari 2024 serikali yetu ilitoa hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Ni kweli kwamba riba hiyo ni ya shilingi na nyumba ni ya dola, lakini anayetafuta mapato peke yake anapaswa kuziweka hesabu hizo mbili pamoja mezani kabla ya kupanda ndege.

Tulinunua hata hivyo, na sijutii, kwa sababu baada ya hesabu hiyo tulikubaliana kwamba tunanunua mahali pa kukaa. Tunataka kukaa huko miezi ya baridi ya Nairobi, mama yangu apate joto la pwani na jamaa wa kusemezana naye, na miezi mingine tumpangishe mtu wa muda mrefu, ikiwezekana mfanyakazi wa pale pale kisiwani, kwa kodi ya kiasi ya kutosha kugharimia ada za jengo. Uamuzi huo ulibadilisha hata fleti tuliyochagua: tuliacha iliyotazama bahari, tukachukua ya upande wa ndani, iliyo karibu na soko na zahanati.

Bahari yenyewe ina gharama ambayo mtu wa bara haioni. Mara ya kwanza tulipofungua mlango baada ya nyumba kufungwa wakati wa masika, bawaba za dirisha la roshani zilikuwa zimeshika kutu rangi ya chungwa hadi hazigeuki, godoro lilikuwa na harufu ya unyevu, na nyuma ya kabati ukungu wa kijani ulikuwa umepanda hadi usawa wa kifua. Nyumba ya pwani inataka kufunguliwa, upepo upite. Sasa tuna mama mmoja jirani ambaye tunamlipa afungue madirisha kila wiki, awashe feni na kupangusa, na vitasa vyote tumebadilisha tukaweka vya chuma kisichoshika kutu. Kiyoyozi nacho huoshwa mara kwa mara kwa sababu chumvi hula sehemu yake ya nje. Na kabla ya kununua, uliza habari za umeme na maji bila haya. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau jinsi kisiwa kilivyokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013 na hali imekuwa tofauti, lakini jengo lisilo na jenereta wala kisima chake bado litakutesa.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wanandoa wengi hawapendi kulizungumza. Mali isiyohamishika hufuata sheria ya mahali ilipo, hivyo wosia tulioandika Nairobi usingetosha peke yake kuipitisha fleti ya Unguja kwa watoto. Wakili wetu alituandalia wosia mwingine unaohusu mali hiyo tu, akahakikisha kwamba maneno yake hayaufuti ule wa Kenya, na akatushauri majina yetu sote wawili yawe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza badala ya kuongezwa baadaye kwa gharama. Tulimpa pia mtoto wetu mkubwa mamlaka ya maandishi ya kutia sahihi kwa niaba yetu kwa mambo yaliyotajwa moja moja, na si kwa mambo yote kwa jumla. Nakala za mkataba mkubwa, mkataba wetu, risiti za benki, vyeti vya mhandisi na wosia zimewekwa katika faili moja hapa Nairobi na nyingine kwa wakili huko Vuga, na watoto wote wanajua zilipo. Kibali cha ukaazi hatukukiomba, kwa kuwa kinawahusu walionunua kwa kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa, na kwa Mkenya anayekaa wiki chache kila mara, pasipoti inatosha. Ada ya jengo hulipwa kila robo mwaka, na hiyo tunaituma kutoka akaunti ile ile ya dola, ambayo hatujaifunga.